Kimya wa Cherehani Namba Nane

Jina la Kimya nilimpa mimi, na sitalikana. Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, na kwa miaka tisa tumekaa bega kwa bega kwenye karakana ya sare, yeye cherehani namba nane, mimi namba tisa. Karakana yetu ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, sakafu ya saruji iliyojaa nyuzi na vipande vya kitambaa cha kaki, na mafundi kumi na mmoja, wanawake watupu. Msimamizi wetu ndiye mwanamume pekee humo ndani, na maskini ya Mungu huwa hapati nafasi ya kusema.

Kila asubuhi tukiwasha vyerehani tunaimba. Tuna wimbo wetu mmoja, umekuwa wa karakana tangu kabla sijafika:

*Jua limechomoza, mlango fungueni,*
*kazi inatuita, jamani amkeni.*

Siku moja umeme ulikatika katikati ya ubeti. Vyerehani vikanyamaza, sisi tukaendelea kuimba kwa ukaidi. Nikageuka kumtazama wifi. Mdomo unafunguka na kufungika, shingo inacheza, nyusi zinapanda na kushuka, lakini sauti hakuna! Nilisogeza sikio mpaka karibu nimguse shavu. Hola.

"Wifi, mbona huimbi?"

"Naimba."

"Unaimbia wapi, tumboni?"

Akacheka kidogo, kisha akanieleza kama mtu anayeeleza kwa nini halili pilipili. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu wa kwaya alimsimamisha mbele ya wenzake akamwambia hana sikio la muziki. "Simama nyuma," alimwambia, "fungua mdomo tu, usitoe sauti." Wifi akashika agizo hilo mpaka leo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja wakati ule, sasa ana arobaini na tisa. Hata wanawe aliwabembeleza kwa kuwapigapiga mgongoni, bila wimbo.

Mtu mwenye moyo angesikitika. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikamwita Kimya, na kabla ya saa ya chai karakana nzima ilikuwa inamwita hivyo. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniona mwema kuliko nilivyo.

Sasa, ghorofa ya juu yetu ilikuwa ghala tupu. Mwaka jana wakaisafisha, wakaifanya darasa la muziki kwa watu wazima wanaoanza kabisa, wasiojua hata kinanda kinafunguliwa upande gani. Mwalimu alikuwa mzee mstaafu wa bendi ya polisi, tumbo mbele, mgongo umenyooka, fimbo nyembamba haimtoki mkononi. Tukamwita Bendimasta, naye akaitika. Darasa lilihitaji mapazia, msimamizi akamtuma Kimya akapime madirisha. Ni kazi ya dakika ishirini, lakini yeye alikaa saa nzima na nusu.

Aliposhuka, tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni na kikaratasi cha vipimo hakina hata namba moja. Alikuja mbio. Mwanamke huyu, ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata mvua ikimnyeshea nguo kwenye kamba, alikuja mbio katikati ya vyerehani.

"Wifi! Kumbe muziki unapimwa!"

"Unapimwaje?"

"Kama kitambaa! Kuna mapigo, yanakwenda sawasawa, kama sindano inavyoshuka. Ukiyafunga manne manne unapata machi, ya kutembea. Ukiyafunga matatu matatu unapata walzi, ya kuzunguka. Sikiliza!" Akakaa, akakanyaga pedali ya cherehani chake kwa mafungu: *grrr*-gr-gr, *grrr*-gr-gr. Mshono wa mkono wa shati la muuguzi, lililokuwa chini ya sindano, ukaenda upogo mpaka mfukoni. Msimamizi alimtazama juu ya miwani, na Kimya hakumwona.

"Mimi nilidhani wanaoimba wamezaliwa nao," alisema, macho yanang'aa. "Hakuna aliyewahi kuniambia kuna vipimo. Kama ni vipimo, wifi, mimi naweza!"

Akajiandikisha siku ile ile. Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu jioni, sisi tunaposhika mikoba kwenda nyumbani, yeye anapanda ngazi.

Na hapo ndipo raha ilipoanza, maana kila Jumatano na Ijumaa asubuhi alituletea somo lote, moto moto. Tulifundishwa muziki na mtu ambaye hajatoa sauti kwa miaka thelathini na minane, na naapa hakuna ambaye angetufundisha vizuri zaidi.

"Mapigo ni nukta za chaki," alisema. "Zimepangwa sawa, hazibadiliki. Mdundo ndio mshono wenyewe unaopita juu yake: mrefu, mfupi mfupi, mrefu. Na mwendo ni mguu wako kwenye pedali, ukikandamiza unakwenda haraka, ukilegeza unakwenda taratibu. Wimbo ni ule ule."

Wiki nyingine akaja na lahani. Akachukua chaki akachora kwenye kitambaa cheusi mstari unaopanda, unashuka, unapinda kama shingo ya gauni. "Hii ndiyo lahani. Ni njia ya sauti, juu na chini. Ukiusikia wimbo ukaukumbuka ukiwa bafuni, unachokumbuka ni hii."

"Na sauti mbili zikiimba vitu tofauti kwa pamoja?" aliuliza fundi wa namba tatu, ambaye huuliza kila kitu.

Kimya akafungua kisanduku cha chini cha cherehani chake, akatoa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, akaiinua juu. "Uzi wa juu na uzi wa bobini. Kila mmoja una njia yake. Wa juu peke yake haushoni kitu. Zikikutana ndipo nguo inashika. Bendimasta anauita upatanifu." Tulipiga makofi. Msimamizi akasema tusipige makofi, tushone suruali, na mwenyewe akaomba aishike ile bobini aitazame.

Kaka yangu alinipigia simu. "Dada, mke wangu anakata vitunguu kwa mapigo ya rumba."

"Chakula kinachelewa?"

"Kinawahi. Ila siku hizi natokwa machozi kwa mpangilio."

Kisha yakaja maumbo. Kimya aliliweka shati juu ya meza, akaligawa kwa vidole. "Upande wa mbele wa kushoto ni A. Mgongo ni kitu kingine, ni B. Upande wa mbele wa kulia ni A tena. A, B, A. Unaanza nyumbani, unatoka, unarudi nyumbani. Nyimbo nyingi zimeshonwa hivyo. Nyingine ni ubeti na kiitikio, kama sare za shule. Watoto wanabadilika kila mwaka, beji ni ile ile."

Lakini siku iliyotutoa akili ni ile ya mitindo. Bendimasta aliomba wanafunzi wamtajie wimbo wowote. Kimya alitaja wetu wa karakana, kwa maneno tu, na mwenzake mmoja anayeujua akamwimbia mwalimu lahani. Mzee akaupiga kwenye kinanda mara sita: machi, walzi, rumba, rege, jazi, na mwisho taratibu kama kwaya. "Kitambaa kile kile!" Kimya alituambia asubuhi yake, karibu alie kwa furaha. "Nguo sita! Sikujua kama wimbo wetu una nguo nyingine kabatini!" Basi tukaujaribu. Akatupigia mezani kwa mkasi, akatuonyesha kwamba rege inakanyaga pale ambapo machi inanyanyua mguu. Fundi wa namba tatu akacheza na suruali ya mlinzi kichwani. Mimi niliimba kirumba mpaka sauti ikapotea. Nilimwona msimamizi kwa macho yangu haya mawili akitikisa bega moja.

Katikati ya kelele zote hizo, Kimya alikuwa anafungua mdomo tu. Nilimwona, na safari hii sikucheka.

Mwisho wa muhula, wanafunzi wanane walitakiwa kusimama ukumbini mbele za watu, Jumamosi saa nne asubuhi. Wataimba wimbo mmoja, na kila mmoja atakuwa na mstari wake wa kuimba peke yake. Bendimasta alichagua wimbo wetu. Kimya aliniambia tukiwa tunakunja sare za wauguzi.

"Wifi, siku ile nataka nitoe sauti. Mstari wangu tu, watu wausikie. Nikishindwa, nafumba mdomo na siufungui tena. Hata ule wa kujifanya."

"Utaweza."

"Naogopa. Hata makofi ya kupiga mdundo darasani huwa nazidisha. Wenzangu wakinyamaza, mimi naongeza mawili. Sijui yanatoka wapi."

Nilimwambia ni woga tu.

Ikabaki wiki mbili. Jumatano hiyo alikuja kazini, akaketi, akatia uzi. Hakuna somo. Tulipoanza kuimba nikamtazama: midomo imefumbwa. Nilizima cherehani changu.

"Kuna nini?"

"Wiki hizi nimekuwa natoa sauti darasani, kidogo kidogo. Jana Bendimasta kaniambia siku ile nisimame nyuma. Kasema kwa upole, hana ubaya. Kasema nifungue mdomo tu."

Damu ilinichemka. Maneno yale yale! Miaka thelathini na minane mtu kayabeba, kaja kuyatua juu ya ngazi zetu, na huyu mzee kamtwisha upya. Na mimi ndiye niliyemwita Kimya mbele ya watu kumi. Sikujua nimkasirikie nani zaidi, mzee au mimi, nikaamua kuanza na mzee kwa kuwa yuko karibu.

Alhamisi saa kumi na nusu nilimshika wifi mkono, nikampandisha ngazi. Sikubisha hodi.

"Bendimasta," nilisema, "unajua ulichomwambia huyu?" Nikampa zake zote, kuanzia darasa la tano mpaka wale watoto waliobembelezwa bila wimbo. Wanafunzi saba walibaki wameshika karatasi zao. Mzee akavua miwani, akaiweka juu ya kinanda.

"Mama, sikuyajua hayo, naomba radhi," alisema, akimwangalia Kimya, wala si mimi. "Mapigo anayo kuliko wote hapa, sauti ni nzuri. Lakini kila akifika mwisho wa mstari anaongeza kitu. Wenzake wameshahama, yeye amerudi nyuma. Kundi zima linaanguka. Nimejaribu kila njia, nimeshindwa."

"Aimbe nimsikie."

"Wifi, tafadhali," Kimya alininong'oneza. "Twende."

"Miaka tisa nimekaa karibu na wewe, sijakusikia hata mara moja. Imba. Nipo hapa, atakayecheka atanijua."

Akafumba macho, akaimba.

Jamani! Sauti ilikuwa nzito, ya chini, yenye joto, imetulia kabisa. Nilisahau hata kilichonileta. *Jua limechomoza, mlango fungueni.* Pale pale, kabla sijavuta pumzi, ikaja: *gueni*. Mstari wa pili: *kazi inatuita, jamani amkeni.* Na tena: *keni*. Bendimasta akanitazama kama anayesema, umeona?

Nilikuwa nimeona, ila si alichokiona yeye. Nilikuwa natazama mkono wa kulia wa wifi, uliokuwa unaning'inia kando ya paja. Kwenye *gueni* ulishuka kidogo, vidole vimenyooka. Kwenye *keni* ukashuka tena. Mkono ule naujua. Nimeuona kwa pembe ya jicho kila siku ya kazi kwa miaka tisa.

"Anafunga mshono!" nilipiga kelele. "Mungu wangu, wifi, unafunga mshono!"

Bendimasta hakuelewa, ikabidi nimweleze. Fundi akifika mwisho wa mshono hakati uzi tu. Pembeni mwa cherehani kuna kichuma, unakibonyeza kwa mkono wa kulia, kitambaa kinarudi nyuma hatua mbili tatu, kisha unakiachia kinakwenda mbele tena. Hapo mshono umefungwa, haufumuki. Sisi tunafanya hivyo mamia ya mara kwa siku, hatufikirii tena. Na huyu hapa, kila mstari wa wimbo kwake ni mshono, na akifika mwisho, hawezi kuuacha wazi.

"Umeanza kushona lini?" Bendimasta alimuuliza taratibu.

"Nina miaka saba," Kimya alijibu. "Mama alikuwa fundi. Nilikaa mapajani pake, yeye anakanyaga pedali, mimi nabonyeza kichuma cha kurudisha. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, hiyo tu. Mama alikuwa ananiambia 'funga', nabonyeza."

Niliona jambo linavyomfikia.

"Kwa hiyo darasa la tano..."

"Sikio ulikuwa nalo," alisema Bendimasta.

Kimya alikaa kwenye kiti cha karibu, akaweka viganja usoni, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipogundua ni vyote viwili, na mimi pia. Bendimasta alijifanya anatafuta miwani yake, iliyokuwa mbele yake.

Kwanza tulijaribu kumponya. Bendimasta alimwambia ashike mikono nyuma. Sauti yote ikakauka. Akamwambia ashike kitabu, kitabu kikashuka kwenye *gueni*. Mwisho mzee akaketi kwenye kinanda, akapiga mstari mzima, akaongeza zile sauti mbili mkiani. Akasikiliza. Akapiga tena. Tabasamu likaanza kwenye pembe moja ya mdomo.

"Nimekaa bendini miaka thelathini na mbili," alisema. "Mmoja akizidisha, ni kosa. Wote tukizidisha pamoja, huo ni mpangilio. Haya, darasa! Kuanzia sasa tunafunga wote. Na wewe, mama, unahamia mbele."

Jumamosi ile ukumbi ulijaa. Mafundi kumi tulikaa safu ya tatu, msimamizi katikati yetu, na kaka yangu mwisho wa safu na shati jipya aliloshonewa na mkewe. Wanafunzi wanane wakasimama. Kimya akapiga hatua moja mbele. Bendimasta akapiga utangulizi.

Mdomo ukafunguka. Sauti haikutoka.

Kaka yangu alinishika mkono mpaka pete ikaniumiza. Bendimasta, bila kugeuka, akaurudia utangulizi kana kwamba ndivyo ulivyoandikwa. Kimya alikuwa anatutafuta kwa macho. Nikainua mkono wa kulia juu ya vichwa vya watu, nikabonyeza hewa, kama pale mapajani kwa mama yake. Funga.

*Jua limechomoza, mlango fungueni...*

Ukumbi mzima ulisikia. Wa nyuma kabisa walisikia, na nje pia nadhani walisikia. Ikaja *gueni*, wanafunzi saba wakaingia naye, na safu ya tatu yote, mikono kumi ikishuka kwa pamoja, ikajibu *gueni!* Watu wakacheka kwa raha. Mstari wa pili ulipofika *keni*, hata wasiotujua walikuwa wanabonyeza hewa. Msimamizi alikuwa anabonyeza kwa mikono miwili. Kaka yangu hakuimba kitu. Alikuwa anamtazama mkewe tu, machozi yanatiririka, na safari hii hapakuwa na kitunguu.

Wimbo ukafika mwisho. Sote tukafunga mshono wa mwisho kwa kishindo, Bendimasta akainuka kwenye kinanda na fimbo yake mkononi, watu wakaanza kusimama kupiga makofi.

Kimya hakufunga. Mkono wake wa kulia ulibaki umetulia kando ya paja. Alivuta pumzi akarudi nyumbani, mwanzo kabisa, peke yake, bila kinanda: *Jua limechomoza...* Makofi yakakatika. Bendimasta akaangusha fimbo, akarukia kinanda chake, akamkuta kwenye *mlango*. Tukauimba wote tena. Na ulipoisha, akarudi tena mwanzo.

Jumatatu nilifika kazini, nikatangaza kwamba jina la Kimya nimelifuta na atakayelitaja atashona vifungo vyangu wiki nzima. Kisha nikamgeukia wifi, aliyekuwa tayari anaimba hata kabla ya kuwasha cherehani.

"Hebu niambie. Kila mstari ulifunga. Ule wa mwisho kabisa, mbona uliuacha wazi?"

Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba.

"Mshono unafungwa ukiisha, wifi," alisema. "Mimi ndiyo kwanza naanza."